Mguu Uliokanyagwa

"Mbwamwitu, chai imechemka."

Redio ilikoroma kwenye dashibodi. Sarangua hakupunguza mwendo. Gari lake la UAZ liliruka tuta la changarawe, likatua kwa magurudumu mawili, likajiweka sawa.

"Imefika wapi, Kanali?"

"Imeshapita Ulgii. Ikivuka mpaka pale Tsagaannuur, imemwagika."

"Haivuki."

Chai ilikuwa lori la Unimog lenye nyumba mgongoni, mali ya wazee wawili wa Kijerumani, Detlef na mkewe Hedwig. Walikuja Mongolia kwa wiki chache, wakakaa karibu mwaka. Leo viza yao ilikuwa inakwisha. Walikuwa wanarudi kwao kwa barabara ileile ndefu iliyowaleta.

Hawakujua wamebeba nini.

Wala hawakujua yaliyowapata wasafiri wa mwaka jana, mume na mke kama wao, waliokutwa ng'ambo ya mpaka ndani ya gari lao. Mikanda imefungwa, koo zimefunguliwa, manyoya ya kozi, ndege wa kuwindia, chini ya kitanda. Magenge yanayotorosha kozi hayaachi mashahidi. Ndege wakishavuka, mbebaji huchinjwa.

Sarangua ndiye aliyezifumba macho maiti zile.

Aliliona lori likipanda kona ya kijito. Akalipita kwa kasi, akakata usukani, akaziba njia. Vumbi halijatua, tayari alikuwa chini, bastola ya Makarov mkononi.

"Idara ya Usalama! Zima injini! Teremkeni wote!"

Wakateremka. Detlef, mrefu, kofia ya manyoya imemkaa upande. Hedwig, macho mekundu. Alikuwa akilia tangu asubuhi kwa kuiacha nchi. Nyuma yao Bekzat, Mkazaki wa Ulgii, mkalimani wao, kisu kiunoni. Na Kenta, Mjapani waliyemwokota njiani na baiskeli yake iliyovunjika.

Mmoja kati ya hao wawili wa nyuma alikuwa mchinjaji.

"Dada, unatuchelewesha," Bekzat alilalamika. "Pale mpakani watafunga waende kula. Na wale wakila, wanalala."

Kenta aliangaza macho huku na huku. "Yeye sema nini?" aliuliza kwa Kiingereza cha kuchechemea.

"Maskini, hajui hata neno la Kimongolia," alisema Hedwig. "Ameingia juzi tu."

Sarangua aliinama. Alibandika kidude cha sumaku kwenye chuma cha chini ya lori. Kidude kile husikia mapigo ya moyo. Watu wote nje. Injini imezimwa.

Kioo kikawaka.

Mioyo. Midogo. Inadunda mbio.

"Nani alipanga mizigo chini ya kitanda?"

Mkono wa Bekzat ulishuka kiunoni. Mdomo wa Makarov ukamgusa kipaji cha uso.

"Kitoe kwa vidole viwili."

"Dada, hiki nakatia nyama tu!"

"Na koo?"

Bekzat akapauka. Kisu kikaanguka. Kenta alirudi nyuma kuwapisha, na kisigino chake kikatua juu ya buti la Sarangua.

Akageuka. Akanyoosha mkono, akamgusa Sarangua vidole, akaurudisha.

Haraka. Bila kufikiri.

Mmongolia akikukanyaga mguu hukupa mkono papo hapo, la sivyo mmeshakuwa maadui. Hufundishwa hivyo kabla meno ya utotoni hayajang'oka. Mgeni wa juzi hawezi.

"Sisi mwaka mzima na bado tunasahau," Hedwig alinong'ona.

Sarangua alimhamishia Kenta bastola. "Kwenu mkoa gani, kaka? Uvs? Zavhan?"

Kenta akatabasamu. "Mama alinilea vizuri kupita kiasi," alisema kwa Kimongolia safi.

Akainua pampu ya baiskeli.

Pampu ikalipuka.

Risasi ilipasua bega la Sarangua, ikapita, ikazama kwenye paja la Bekzat. Makarov iliruka changaraweni. Bekzat alianguka akipiga mayowe. Yule mtu aliitupa pampu, akachomoa mnyororo wa baiskeli mfukoni, akauzungusha shingoni mwa Hedwig na kukaza.

"Mzee, panda! Washa gari!"

Detlef alipanda.

"Nenda nyumbani, dada," yule mtu alicheka, akimburuta Hedwig kuelekea mlango wa dereva. "Ukakamue farasi."

"Nimeshakamua asubuhi," Sarangua alisema, damu ikimtiririka hadi kwenye vidole. "Farasi walikuwa wananuka kuliko wewe. Kidogo tu."

Uso wa Hedwig ulikuwa unageuka zambarau. Sarangua alimtazama Detlef kupitia kioo. Kisha akatazama kamba ya honi iliyoning'inia juu ya kichwa cha mzee.

Detlef akaivuta.

Honi ya upepo ilinguruma sikioni mwa yule mtu kama ng'ombe dume anayechinjwa. Akashtuka. Mnyororo ukalegea. Sarangua alikuwa ameshamfikia. Mguu nyuma ya goti, kiwiko chini ya kidevu, akamwangusha chali kama mpiga mieleka wa sikukuu. Meno ya jamaa yalivunjika. Hata hivyo akamng'ata Sarangua bega lenye jeraha. Sarangua alipiga ukelele, akamsukumiza uso kijitoni, akambana kwa magoti. Jamaa akajipindua, kisu cha Bekzat alichokiokota kikimetameta mkononi.

Vidole vya Sarangua viliikuta Makarov kwenye changarawe ya ukingo.

Risasi ya kwanza, mkono. Ya pili, koo.

Maji ya kijito yakabadilika rangi.

Chini ya kitanda walikuwamo kozi wanne, wamevikwa soksi ndefu za kike mpaka shingoni, macho yameshonwa. Mmoja alikuwa ameshakufa. Mioyo ya waliobaki ilidunda kifuani mwa Hedwig alipowakumbatia.

Redio ikakoroma. "Mbwamwitu! Chai?"

"Imebaki kwenye birika."

"Mashahidi wapo?"

Sarangua alimtazama Hedwig, alama za mnyororo shingoni.

"Usituzuie, binti," mama yule alisema. "Tukilala hapa usiku mmoja zaidi, hatutaondoka tena. Na kinachoniliza si shingo hii, ni kuondoka."

"Hakuna mashahidi, Kanali. Wasafiri tu."

Akawapokea ndege. "Mama, mna maziwa?"

Hedwig alimletea kikombe. Lori likanguruma, likazunguka gari la Sarangua, likashika njia ya mpakani. Sarangua alilifuata hatua chache, akachovya vidole, akarusha maziwa kwenye magurudumu, mara kwa mara, kama wanawake wa kwao wanavyomsindikiza anayependwa. Damu ya vidole ilikuwa imeyatia wekundu kidogo.

"Dada!" Bekzat alifoka kutoka kwenye UAZ. "Mimi navuja damu, wewe unamwaga maziwa?"

"Subiri. Wageni kwanza."

Akalimwaga tone la mwisho, akageuka, akamwendea Bekzat bila kungoja lori lipotee.