Mrija wa Fundi Magodoro

Kwa maelezo ya jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, shemeji yake alimeza kidonge jioni, na asubuhi akapanda ngazi mbio kama mtu anayefukuzwa.

"Vimebaki hivi," jirani alimwambia fundi magodoro, akimpa vidonge. "Jaribu, kaka. Nawe si una presha ya mapafu?"

Fundi alivitazama kwa hamu. Vumbi la pamba na sigara vilikuwa vimemla mapafu. Akishona pembe moja ya godoro, anakaa kutafuta pumzi. Miguu imevimba. Na ule mrija wa oksijeni aliopewa hospitali, akisikia hodi tu, anauvua na kuufunika kwa pamba.

"Mteja akiniona nao, atasema namuuzia godoro la mgonjwa!"

Binti yake aliona midomo ya baba ikibadilika rangi. Akavichukua vile vidonge.

"Subiri, baba. Muuguzi anakuja leo kuangalia mashine ya oksijeni."

Muuguzi alipofika, alivigeuza kiganjani. "Shemeji anaumwa mishipa ya mapafu yenyewe. Wewe, mzee wangu, mapafu ndiyo yaliyochakaa kwanza, kisha mishipa ikabana, moyo ukaelemewa. Hivi vinaweza kupeleka damu kwenye sehemu mbovu za mapafu, zisizo na hewa. Damu itarudi mikono mitupu, nawe utazidi kuhema."

"Basi mimi sina dawa?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unazo. Ile ya kuvuta, na ile ya kutoa maji miguuni. Na oksijeni ni dawa, si pambo la kuvua wageni wakija! Kaa nayo mchana, lala nayo usiku. Sigara marufuku, na moto usisogee karibu. Wapo wachache wanaofaa kupewa vidonge vya mishipa, lakini huamua daktari bingwa baada ya vipimo."

"Si Redio," binti alisema.

"Haya, nimezimwa!" jirani, aliyekuwa bado mlangoni, akacheka.

Binti alihamishia uchambuaji wa pamba uani. Mapafu hayakurudi upya, lakini uvimbe ulipungua, na fundi akaweza kushona upande mzima bila kupumzika.

"Fundi, hiyo nini puani?" mteja aliuliza.

"Hewa yangu. Wewe yako unaokota bure."

Mteja alipoondoka, fundi alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, kuna siku nitachoka, nitakubembeleza nivue. Usinikubalie. Niahidi."

Binti alikuwa na uzi mdomoni. Akauweka sawa mrija nyuma ya sikio la baba yake, kisha akainamia tundu la sindano, ambalo ghafla lilikuwa halionekani.