Kampuni Tatu, Shakwe Wale Wale

Makinda ya shakwe kwenye Mwamba wa Skarva yalikuwa yanakufa njaa. Kiangazi kilichotangulia ilikuwa hivyo hivyo.

Thora Isbister alipata riziki yake kwa ndege hao. Aliwapeleka wageni kwa boti kuwaangalia, na mgeni halipi kuangalia mizoga.

Asubuhi moja alikuwa akinywa chai na mumewe Erlend, mvuvi wa kaa.

"Mkutano wa kijiji ni leo jioni," Thora alisema. "Utasemaje?"

"Nitasema waje. Kampuni hii ya tatu imeniahidi unahodha wa boti ya mafundi. Tena wamepima madhara. Mitambo yao ya upepo itadhuru ndege wachache tu."

"Ya kwanza nayo ilisema wachache kabla ya kujenga."

"Na ya pili. Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo ndilo hilo," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa jirani yao Sunniva, aliyefanya kazi ya kuchunguza ndege wa baharini miaka mingi.

"Mama wa ndege, hata hodi hupigi?" Erlend alitania.

"Tangu lini kisiwani hapa tunapiga hodi? Nimiminie chai. Haya, niambie. Kampuni ya kwanza ilipima kwa boti yako. Ya pili kwa boti ya Rognvald. Ya tatu kwa boti ya Ivor. Umewahi kuwauliza wenzako waliambiwa nini?"

Erlend alipaliwa. Kisiwani, mvuvi hamuulizi mwenzake madema yake, yaani mitego ya kaa, yametoa nini. Ni utovu wa adabu.

"Nimuulize Rognvald? Si bora nimuulize mkewe ana kilo ngapi!"

"Lakini hawa si kaa wa Rognvald. Shakwe anayekula kwako ndiye anayepita kwake na kwa Ivor. Wewe ukizunguka kukwepa madema ya mtu mmoja, unapoteza mafuta kiasi gani?"

"Kidogo. Sihisi."

"Ukizunguka ya watu watatu, kwenda na kurudi, kila siku?"

Erlend aliweka kikombe chini. "Tangi linakauka," alisema.

"Basi na shakwe hivyo hivyo. Wengine wanapigwa na mapanga ya mitambo. Wengine wanazunguka kuikwepa, wanafika kiotani wamechoka na samaki hawatoshi. Kila kampuni imepima kipande chake. Hakuna aliyejumlisha."

"Kwa hiyo tukatae mitambo?"

"Nani kasema? Bahari inapata joto, na dagaa wanaoliwa na shakwe wanahama. Umeme wa upepo tunauhitaji. Ila madhara ya wote yapimwe pamoja, ndipo tuamue mitambo ikae wapi."

Jioni ukumbi ulijaa. Erlend alisimama, uso umemwiva.

"Rognvald, waliopima kwa boti yako walisema watakufa shakwe wangapi kwa mwaka?"

Watu waliguna. Rognvald alimkazia macho.

"Una wazimu, Erlend?"

"Labda. Kwangu ni arobaini. Wewe je?"

Rognvald alivua kofia yake. "Hamsini," alisema.

"Sitini," Ivor alisema kutoka nyuma.

Sunniva alijumlisha kwa sauti: mia moja na hamsini. Kisha akaeleza kwamba mwamba ule, ambao makinda yake mengi hayakui, haukuweza kuziba pengo la ndege wengi hivyo kila mwaka.

Kijiji kiliomba upimaji mmoja kwa mashamba yote matatu ya upepo. Wakaguzi wa serikali, wanaotoa vibali, walikubali. Matokeo yalipotoka, kampuni ya tatu iliacha wazi njia ya shakwe kwenda malishoni. Zile mbili nyingine zilikubali kuzima mitambo iliyo kwenye njia hiyo wakati wa kulisha makinda.

Kiangazi kilichofuata boti ya Thora ilijaa wageni. Makinda mengi ya Skarva yaliruka.

Haikuwa bure. Kisiwa kilichelewa mwaka mzima kupata umeme ule. Mitambo kumi na miwili haikujengwa. Kwa kuwa mitambo ilipungua, boti moja ya mafundi haikununuliwa. Ilikuwa ile aliyoahidiwa Erlend.