Fundo Ndani ya Tuta

Jua likizama, Nanyama alibeba jembe akaenda kuziba shimo kwenye tuta la bwawa. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Mafabi, mlinzi wa bwawa, lakini leo Mafabi alikuwa Mbale akimchukulia Afande bia za Jumapili. Bwawa hilo la Busiu lilichimbwa na Mhindi mmoja, kwa starehe zake na mashua yake. Alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, Afande, mkubwa wa jeshi, akalichukua. Mlinzi wa kwanza aliacha tuta livuje. Alitiwa kwenye buti ya gari, na mkewe anamngoja mpaka leo.

Basi tuta halikuwa mchezo. Ila jioni ile Nanyama hakumwogopa Afande. Alikuwa na wivu, na wivu, jamani, ukishapanda kichwani hausikii dawa.

Alimwonea wivu Wilkista. Kila Jumamosi mwanamke huyo alileta samaki kutoka Masese, akalala jikoni kwao, akacheka na Mafabi, Nanyama akinuna siku nzima. Juzijuzi Nanyama alipolazwa na malaria, yeye ndiye aliyempikia Mafabi. Akamwogesha hata Betty, mtoto wa Nanyama. Nani alimtuma?

Mganga alikuwa amesema, "Ziba shimo kwa kitu chake. Maji yatamwita mwenyewe."

Nanyama akatoa kitambaa cha kichwa cha Wilkista, alichokiiba kwenye kamba ya nguo. Kwenye pindo kulikuwa na fundo. Akalibonyeza... Shanga. Kumbe Mafabi humnunulia shanga! Yeye hakuwahi kununuliwa hata sindano. Roho ikamuuma hasa.

Hakulifungua. Alilisukuma ndani ya shimo, akashindilia udongo wa mfinyanzi, akaukanyaga kwa visigino kama Mafabi afanyavyo, mpaka maji yakakoma.

Vyura wakanyamaza.

Kisha harufu ikatoka ardhini... mafuta anayompaka Betty.

Alikimbia nyumbani. Wilkista alikuwa mlangoni, uzi mkononi.

"Mama Betty, hujaona kitambaa changu? Ulipokuwa unaumwa, shanga za kiunoni za mtoto zilikatika. Nilizifunga humo, nizitunge upya."

"Betty yuko wapi?" Nanyama alinong'ona.

"Si ametoka sasa hivi? Alisema unamwita kule majini."

Walimkuta ndani ya bwawa, maji kiunoni, akiitikia.

"Naam, mama... Nakuja."

Nanyama alimnyakua. Akalishika jembe akifukue kitambaa tutani, kisha akakumbuka buti ya gari. Tuta likipasuka, Mafabi hatarudi. Jembe likamponyoka.

Kwa nini maji yalimwacha Wilkista, mimi sijui. Labda shanga zilikaa sana kwenye ngozi ya mtoto. Tuta halikuvuja tena. Afande alimsifu Mafabi, wageni wakaogelea, na Wilkista hakurudi.

Tangu hapo, jua likizama, Nanyama humfunga Betty mgongoni kwa kanga mbili. Sauti huja kutoka kwenye tuta, taratibu, na ni sauti ya Nanyama mwenyewe.

"Betty..."

"Usiitikie, mwanangu. Mama yako ni mimi."

Mtoto hugeuza uso kule bwawani.

"Mama wa kule," hunong'ona, "hanuni."