Kikombe cha Mfuto

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mwanaidi. Alisonga ugali mapema, kabla ukungu haujapanda kutoka bondeni. Mumewe, Athumani, alikaa kwenye kigoda karibu na moto, mguu mmoja ameunyosha. Kidole gumba cha mguu huo kilikuwa kimefungwa kitambaa. Jembe lilimkata katika shamba la kijiji, na jeraha likakataa kupona.

Athumani alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mama Rahabu, nesi wa zahanati, alimpa vidonge. Kisha akamwagiza Mwanaidi ampimie mumewe chakula.

"Unga, kikombe kimoja cha chai kwa kila mlo. Mafuta, kijiko kimoja kidogo. Kabichi na majani ale atakavyo. Jeraha hili likizidi, atapelekwa hospitali akatwe kidole. Pengine na mguu."

Mwanaidi aliyapeleka maneno hayo kwa mke mwenzake, Mwanahawa, ambaye jiko lake lilikuwa ng'ambo ya ua. Naye akaitikia.

Sasa Athumani alitazama sahani yake, akaguna.

"Ndio huu tu?"

"Ndivyo alivyosema nesi."

"Hata Mwanahawa aliambiwa kikombe kimoja. Lakini kwake nashiba."

Neno hilo lilimchoma Mwanaidi kama kaa la moto. Aliolewa na Athumani kabla ya Uhuru. Waliparua pamoja mteremko wa nyuma ya nyumba mpaka ukatoa viazi. Leo mumewe anausifu ugali wa mwanamke aliyekuja juzi!

Zamu yake iliporudi, alikijaza kikombe mpaka unga ukafanya mlima. Hakuona kosa. Kikombe kilikuwa kimoja vilevile. Athumani alikula, akalamba vidole.

"Leo umepika, mke wangu."

Mwanahawa aliyasikia akiwa uani. Kesho yake alishindilia unga kwa ngumi, akaongeza mwingine juu. Mafuta aliyamimina kutoka kwenye chupa kwa kukisia. Mwanaidi alisikia harufu ya kitunguu kikikaangwa. Moyo ukamuuma. Zamu yake ilipofika, akatia konzi ya karanga kwenye mboga.

Wakaendelea hivyo. Athumani alishiba, lakini kiu haikumwisha. Kidole kikaanza kunuka.

Wote watatu walikwenda zahanati. Mama Rahabu alifungua kitambaa, akakunja uso. Alipima mkojo.

"Sukari imepanda sana. Nani anampa chakula bila kupima?"

"Si mimi," Mwanaidi alisema haraka. "Muulize bibi arusi huyu. Kila siku kwake ni karamu."

"Mimi, dada? Kikombe kimoja tu, Mungu shahidi! Karanga zako je?"

"Umezionaje? Unachungulia sufuria yangu?"

"Harufu haina mlango, dada."

Athumani alitazama dari kana kwamba hawajui.

"Basi," alisema nesi. "Nitakuja nyumbani nione mnavyopima."

Alikuja na mizani aliyoiazima duka la kijiji. Akawaambia wapime kama siku zote. Mwanaidi akajaza mlima. Mwanahawa akashindilia, akajaza tena. Kisha Mama Rahabu akachota unga bila kuushindilia, akapitisha mgongo wa kisu juu ya kikombe. Unga wa juu ukaanguka.

"Hiki ni kikombe cha mfuto. Ndicho nilichosema."

Akauweka unga wake upande mmoja wa mizani, wa Mwanahawa upande wa pili. Upande wa Mwanahawa ukashuka kwa kishindo. Nesi akaongeza unga upande wake, karibu nusu kikombe, ndipo mizani ikasimama sawa.

"Lakini nesi," Mwanahawa alilalamika, "kufuta ni kwa wauza duka. Mume humfutii kikombe! Hiyo ni kumnyima."

"Mwenye afya mjazie. Huyu chakula kikizidi, vidonge vinashindwa. Sikilizeni. Kila chakula kina nguvu yake. Wataalamu huipima nguvu hiyo kwa kalori, kama sisi tunavyopima njia kwa kilometa. Na vitu vidogo ndivyo vinavyodanganya macho. Kabichi ikizidi, si neno. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu kama matonge kadhaa ya ugali. Karanga nazo zina mafuta mengi. Halafu konzi ya nani? Mkono wako si mkono wake."

Akashika kijiko kidogo juu ya bakuli, akamimina mafuta.

"Msimimine juu ya sufuria. Yakifurika, yaingie bakulini, si kwenye mboga. Na mtumie kikombe hikihiki na kijiko hikihiki, majiko yote mawili."

"Mimi nitapima sawa," alisema Mwanaidi. "Huyu simwamini."

"Wala mimi simwamini yeye!"

Mama Rahabu akacheka.

"Vizuri sana. Zamu ya Mwanaidi, Mwanahawa ndiye apime. Zamu ya Mwanahawa, Mwanaidi apime."

"Nesi, utaniua kwa njaa!" alilia Athumani.

Tangu hapo hakuna punje iliyopita bure. Mwanahawa alikifuta kikombe cha Mwanaidi, kisha akainama kuhakikisha. Mwanaidi alitazama kijiko cha Mwanahawa kama mtu anayechungulia kisima. Siku moja Athumani alimnong'oneza bi mdogo, "Mwenzio ana roho ngumu. Wewe niongezee kidogo." Mwanahawa akamsogezea bakuli la kabichi.

Jeraha lilianza kukauka. Halikunuka tena. Likafunga, likaacha kovu jekundu. Mama Rahabu alipima mkojo, akasema sukari imeshuka, na kidole hakikatwi. Athumani akavaa viatu, akashuka shambani na wenzake, jembe begani.

Wivu haukuisha. Jioni ile Mwanaidi alifika jikoni kwa Mwanahawa bila kuitwa, kisu mkononi.

"Umekuja mapema, dada. Hunipi hata nafasi ya kupumua?"

"Lete kikombe," alisema Mwanaidi. "Nataka mume huyu azeeke, nipate kugombana nawe polepole."