Aliyeingia kwa Jina la Mama Pacha

Jua lilikuwa linazama nilipofika masjala ya hospitali. Mkuu wa masjala alinipokea mwenyewe mlangoni, jasho likimtiririka kama aliyekimbizwa.

"Fundi, kompyuta hii itanitia wazimu. Kila jioni inajiwasha, inaingia kwenye mtandao kwa jina la marehemu."

Marehemu ni Mama Pacha, karani wa chumba kile. Nilimfahamu. Alifukuzwa baada ya kipimo cha dawa kubadilishwa kwenye faili la mgonjwa mmoja, kaka wa Mkuu kwa baba. Mgonjwa akafa. Mtandao ulionyesha jina la Mama Pacha. Aliapa si yeye, nani amsikilize? Miezi miwili baadaye tukamzika. Watu walisema kihoro.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, programu zake za zama zile. Nilipofungua mipangilio nikaona. Mtu aliweka alama ya kuingia moja kwa moja. Ukiwasha tu, mashine haikuulizi jina wala nywila. Inakupokea kama Mama Pacha.

Yeyote yule.

"Mkuu, nani alipanga hivi?"

"Futa," alinong'ona. "Umeitwa kufuta, hukuitwa kuuliza."

Nikaondoa alama. Nikafuta nywila iliyohifadhiwa. Nikazima, nikawasha, kisha nikainama chini ya meza kukaza waya wa mtandao.

Ndipo ikaja harufu... udongo mbichi, uliofukuliwa sasa hivi.

Tak. Tak. Tak.

"Fundi, acha kuandika!"

"Siandiki mimi, Mkuu." Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye waya.

Nikachungulia. Penye nafasi ya jina, herufi zilijipanga moja moja. Safari hii halikuwa jina la Mama Pacha.

Lilikuwa la Mkuu.

"Nywila yangu haijui mtu," alisema, sauti ikimkatika. "Hata mke wangu..."

Nukta nane zikajaa penye nafasi ya nywila.

Ikafunguka.

Barua ikaanza kujiandika, kwenda kila kompyuta ya hospitali: *Dawa nilibadilisha mimi. Nilikaa kwenye kiti chake alipokwenda kunyonyesha. Nilitaka nyumba ya baba.*

Mkuu akauchomoa waya wa umeme. Skrini haikuzimika. Akapiga magoti.

"Mama Pacha, nisamehe... nina watoto..."

Karibu na sikio langu, sauti ya mwanamke, tulivu kabisa:

"Na mimi ninao."

Tak.

Ikatumwa.

Askari walipofika, Mkuu alikiri kabla hawajamuuliza. Wataalamu wao walisema lazima kuna mtu aliyeijua nywila. Wakaniuliza nani alikuwa amekaa pale. Nikajibu, hakuna.

Sikuwaambia kwamba niliposhika kiti ili niinuke, kilikuwa na joto. Joto la mtu aliyekaa muda mrefu, akisubiri.

Siku hizi, nikiitwa kutengeneza kompyuta ya mtu, nafanya kazi nimesimama.