Jina Lililokwanguliwa

Jumatano ya tarehe 11 Agosti 2021, Dakta Gerishon Mwiti aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akanyoa ndevu, akafunga tai na kuketi mezani kama mtu mwenye ofisi. Hakuwa na pa kwenda. Blacktown yote ilikuwa imefungwa kwa ajili ya Korona, mtu haruhusiwi kupita kilomita tano kutoka mlangoni pake, na helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya mapaa tangu alfajiri. Lakini alikuwa mtu wa miaka sabini na tisa, aliyesomeshwa na wamisionari kule Meru, na kuketi mezani bila tai kulimtia haya.

Mbele yake palikuwa na fomu. Chuo kikuu kimoja cha Sydney kilitaka kuchapisha upya utafiti wake wa ujanani juu ya mto Niger na bonde lake, pamoja na kuhifadhi madaftari tisa ya vipimo vya maji. Sehemu ya nne ya fomu iliuliza: Nani alichukua vipimo hivi?

Aliandika: Gerishon Mwiti. 

Binti yake, Nkatha, alipita akitafuta barakoa. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na yeye ndiye mtu pekee aliyeishi na Dakta tangu mkewe afariki.

"Baba, bado hujamaliza kusaini tu? Ningekuwa nimeshahudumia wazee kumi."

"Mambo ya majina hayataki haraka."

"Haya, Daktari wa Mto." Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kwa fahari. Akacheka. Kicheko kikaishia kwenye kikohozi kimoja, kikavu.

Ukweli ni kwamba Dakta Mwiti hakuchukua vipimo hivyo. Mwaka 1974 alifika Tsadugi, kijiji cha Wanupe nchini Nigeria, kati ya Jebba na Lokoja, akamkuta msomaji wa ubao wa kupimia kina cha maji ambaye kwa miaka tisa hakukosa hata asubuhi moja. Saa moja kamili mtu huyo alishuka ukingoni, akatia mguu mmoja majini, akautajia mto jina lake lote, kisha ndipo akasoma ubao na kuandika. Mwiti alimwuliza kwa nini. Alijibiwa kwamba mto hukubali kuhesabiwa na mtu unayemjua. Ukihesabiwa na asiyejitaja, nao utamhesabia vilivyo vyake.

Kijana Mwiti alicheka kwa adabu. Aliyaomba madaftari ayanakili kule Ibadan, akaahidi kuyarudisha baada ya mwezi. Huko Ibadan, kwa wembe, alikwangua jina la msomaji juu ya kila ukurasa, akaandika lake. Baadaye ilikuja barua moja ya kuyaulizia madaftari, ya heshima, yenye mwandiko mzuri. Hakuijibu.

Alhamisi Nkatha alipimwa, akakutwa ameambukizwa. Alikuwa amechanjwa mara moja tu. Alijifungia chumbani mwake, na idara ya afya ikamletea kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima hewa ya damu. Kila saa moja asubuhi alisoma namba kwa sauti kupitia mlangoni, na baba yake akaiandika.

Ijumaa, tisini na saba. Jumamosi, tisini na sita.

"Ni kahoma tu, Baba. Usinitazame hivyo."

"Umejuaje ninakutazama? Mlango umefungwa."

"Nakujua."

Jumapili ilikuwa tisini na nne. Dakta Mwiti aliiandika, akahisi kwamba mkono wake ulikwisha kuiandika zamani. Akafungua daftari la tisa, Februari 1974, mto unapopungua. Urefu wa maji kwa sentimita, saa moja asubuhi: 97. 96. 94.

Alifuata safu kwa kidole. 91. 88. 85. 81. Baada ya hapo palikuwa na kistari tu, maana yake maji yamekwisha kuuacha ubao.

Alifunga daftari. Aliweka Biblia juu yake, halafu akaona aibu, akaiondoa.

Jumatatu Nkatha alisoma kwa shida. "Tisini na moja."

Gari la wagonjwa lilimchukua kabla ya saa nne. Watu wawili waliovaa kama wapiga dawa ya mimea walimtoa kwa kiti. Mlangoni aliinua kidole gumba. Hakuna aliyeruhusiwa kumfuata.

Alipokuwa amesimama uani, jirani yake alimwita kutoka upande wa pili wa ukuta. Alikuwa Bibiane Mirindi, mama wa Bukavu, aliyekuwa akifanya kazi katika ghala kabla ya kufungiwa.

"Papa Mwiti, pole sana kwa Nkatha. Tuko tunaomba. Lakini ule muzee yenu, ni nani?"

"Mzee gani?"

"Ule anakuyaka kila asubui, saa moja. Anasimamaka pale ku nyasi, anaangalia dirisha ya Nkatha. Bapolisi bakimuona, ni amende, mutalipishwa. Na pia, Papa..." Alishusha sauti. "Mumupatie hata taulo. Maji inamutiririka."

Dakta Mwiti alitazama nyasi. Zilikuwa kavu. Mvua haikunyesha wiki ile.

Alasiri ile alikiandikia chuo kikuu. Alisema kwamba vipimo vilichukuliwa "kwa msaada wa mwenyeji mmoja". Aliisoma sentensi hiyo, akaona inatosha. Akaituma.

Jumanne muuguzi wa wodi alipiga simu. Themanini na nane, pamoja na oksijeni. Jumatano, themanini na tano.

Haikutosha. Alilijua kosa: mwenyeji mmoja si jina. Akaketi kuandika upya, na kalamu ikasimama hewani.

Hakulikumbuka.

Yeye, aliyekumbuka majina matatu ya kila mwalimu aliyemfundisha, ya makarani, ya manahodha wa mitumbwi. Alishika kurasa dirishani, mwanga upite nyuma. Wembe ulikuwa umeingia ndani mno. Mahali pa jina palikuwa na vitobo.

Alhamisi, themanini na moja.

"Daktari wetu anasema ujiandae," muuguzi alinong'ona. "Kesho tutajua."

Kwenye daftari, kesho ilikuwa kistari tu.

Ijumaa, dakika tano kabla ya saa moja, Dakta Mwiti alifungua mlango wa nyuma. Jua lilikuwa limetoka. Ndege walikuwa wakipiga kelele juu ya waya. Wakanyamaza.

Alikuwapo.

Alisimama katikati ya nyasi, ameupa mlango mgongo. Shati lilimganda mwilini. Maji yalishuka kwenye vidole vyake, tone baada ya tone. Hayakufika chini.

"Mzee wangu," Dakta Mwiti alisema. Akasogea hadi ukingo wa saruji. Akaanza tena. "Mzee wangu, nilikufuta. Kwa mkono huu. Na barua yako niliipata."

Mtu yule hakugeuka.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko kifo. Alipiga magoti, na tai yake, kwenye saruji baridi. Upande wa pili wa ukuta Bibiane alikuwa akisikia. Kikohozi chake kilimsaliti. Na asikie.

"Na jina lako nimelisahau. Nakuomba uniambie. Binti yangu hana kosa."

Kisha kichwa kiligeuka, kidogo tu. Mdomo ulifunguka. Kwanza yalitoka maji, mengi, ya rangi ya udongo. Halafu mnong'ono, wa heshima, kama wa mtu anayejitambulisha ofisini.

Ndanusa Jiya Kolo.

Dakta Mwiti alilirudia kwa sauti. Alilirudia akiinuka, akalirudia akipita korido nzima, akalirudia akiandika barua: miaka tisa, kila asubuhi, Ndanusa Jiya Kolo, mimi nilichukua kazi yake, nikakwangua jina lake kwa wembe. Aliituma chuoni. Nakala aliituma kwenye simu ya Nkatha, ili mwanawe asije akaisikia kwa mwingine.

Simu ililia saa mbili na robo.

"Tisini," muuguzi alisema. "Hatujui imekuwaje."

Nkatha alirudi nyumbani baada ya majuma mawili, amekonda. Alikuwa ameisoma barua. Aliacha chai ipoe kikombeni.

"Yule wa barua yako alikuwa anakuja kitandani," alisema. "Saa moja. Nilidhani ni mzee wa wodi nyingine."

"Alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Alikuwa akinisitiri kwa shuka, halafu anayatajia maji jina lake na langu. Maji yalikuwa yamenifika hapa, Baba, chini ya koo. Aliyaambia ananijua." Alitazama kikombe. "Aliniomba nikupe pole. Alisema lazima umebeba mzigo mzito, miaka yote hiyo."

Dakta Mwiti alijaribu kumtazama usoni, akashindwa. Tangu siku hiyo hakuitwa tena Daktari wa Mto.

Lakini alikuwa amekwisha kuuona mstari mwilini mwa Nkatha. Chini kidogo ya koo, ukizunguka mabega yote mawili, ulionyooka kana kwamba umepigwa rula: alama ya udongo wa kahawia, kama ile ambayo mto huacha kwenye nguzo ya daraja unapopungua. Madaktari walisema ni mikanda ya mashine. Nkatha ameisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa spiriti.

Siku hizi huvaa kola ya juu, hata Januari, joto linapofika nyuzi arobaini. Baba yake humtilia maji ya kunywa, humwekea mezani, na hutazama kando.