Mstari wa Arobaini na Moja

Linki mbovu huwa na adabu zake. Ukiielekeza mahali pasipokuwepo, inakufungulia ukurasa juu kabisa na kukuacha hapo, kama mgeni aliyeonyeshwa sebule na kuambiwa ajitafutie kiti. Haikubunii mahali. Jumanne ile, baada ya chakula cha mchana, linki ya mstari wa arobaini na moja ilikosa adabu.

Aliyeibofya, ofisi nzima ilimwita Digrii. Si kwa heshima. "Digrii, printa imekwama." "Digrii, maji ya chai yamechemka, au hilo hamkufundishwa chuoni?" Alikuwa na miaka miwili pale, kwenye kampuni ya kufunga na kutengeneza lifti, akifanya kazi ya watu watatu kwa cheo cha "kujitolea", neno zuri walilobuni wenye vyeo ili utumwa nao uvae tai. Kila mwezi bosi alimwambia, "Be patient, my dear, nafasi yako inakuja." Nafasi ikawa inakuja kama lifti mbovu: taa inawaka, mlango haufunguki.

Nyumbani, mama yake alikwisha kuwatangazia ndugu kwamba binti ni afisa. Kila jioni alimpokea mlangoni kwa swali moja, kwa sauti ya chini majirani wasisikie: "Wamekuandika?"

Kazi ya wiki ile ilikuwa kuunganisha jedwali la wafanyakazi na ukurasa wa kampuni kwenye mtandao. Ukurasa ulikuwa mmoja, mrefu, picha za watu arobaini zimepangwa kutoka kwa bosi hadi kwa mfagizi. Digrii akapachika alama isiyoonekana mbele ya kila picha, neno fupi tu. Kisha kwenye jedwali, kwenye kila jina, akaandika anwani ya ukurasa, ile alama ya reli (#), na neno lenyewe. Ukibofya jina la fundi wa nyaya, ukurasa unakushusha mpaka usoni pake. Hulazimiki kwanza kupita kwa bosi na tabasamu lake.

Alipomaliza wa arobaini, mkono ukamtangulia. Akaongeza mstari mmoja. Akaandika jina lake kamili, lile lisiloitwa na mtu pale. Chini ya picha ya mfagizi akapachika alama yake, na chini ya alama hakuweka kitu. Nafasi ikija nitajaza, alijiambia.

Mzee wa mafaili, wa meza ya jirani, akachungulia juu ya miwani. "Mwanangu, hapo umemwita nani?"

"Nimejitengea mahali, baba."

"Mahali penye jina na hapana mtu? Usipaache hivyo. Nyumba tupu haikosi mpangaji."

"Hii intaneti, mzee wangu, si gofu."

"Na gofu lilikuwa nini kabla halijawa gofu?"

Digrii akacheka. Alicheka mpaka hiyo Jumanne, alipobofya jina lake ili tu apaone mahali pake palipo peupe. Ukurasa ukashuka. Ukampita bosi, ukampita fundi wa nyaya, ukampita mfagizi, na pale ulipopaswa kugota mwisho ukaendelea kushuka, weupe juu ya weupe, kama lifti iliyokatika kamba. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa puani. Ukurasa ulipotua palikuwa na picha: kiti chake, kimepigwa picha kwa nyuma, kitupu. Chini yake, jina lake.

Akaifuta alama. Akahifadhi. Akabofya tena, akisubiri sura ya bosi pale juu, mara ya kwanza maishani akiitamani. Ukurasa ukashuka vilevile. Sasa kwenye picha kiti kilikuwa na mtu, amempa mgongo.

Asubuhi ya Jumatano bosi alimwita. "Congratulations! Umeshakuwa wetu." Mkataba ulikuwa mezani. "Jana jioni ulisaini bila hata kusoma. I like that."

Jana jioni Digrii alikuwa jikoni kwao akimenya viazi. Aliitazama saini. Ilikuwa yake mpaka ule mkia wa mwisho, na karatasi ilikuwa na unyevu kama iliyoshikwa na mkono uliotoka majini. Angesema nini? Kwamba si yeye? Miaka miwili ya printa na chai, mama anangoja mlangoni, halafu akatae mkataba kwa sababu ya unyevu? Mwenye njaa haulizi sahani ameiosha nani.

"Ahsante, bosi," akasema.

Kwanza alikuwa ameacha mlango wazi tu. Kwa neno hilo, alikaribisha.

Alirudi mezani na kikombe mkononi, na kabla hajakaa kiti kikashuka chenyewe kwa ule mlio wa hewa, fsss, kama kinavyoshuka kinapopata mzigo, na dada wa mapokezi akapita na kukisalimia kiti, "Hongera, shoga yangu," akamwacha yeye amesimama na kikombe, na panya ya kompyuta ikaanza kubofya, kwa adabu, ikijaza majedwali yake kwa kasi ambayo yeye hakuwahi kuifikia, na ile harufu ya nywele ikatambaa chini ya meza mpaka mapokezi, mpaka chumba cha bosi, na kila Digrii alipomgusa mtu begani na kunong'ona, "Mnaniona? Jamani, mnaniona?" mtu yule alijikuna bega na kulalamikia upepo wa kiyoyozi.

Mzee wa mafaili peke yake alimwona. "Nilikwambia," alinong'ona. "Tumlete mganga."

Bosi alikubali, maana harufu ilianza kuwafikia wateja. "Saa ya mapumziko, please. Na isisikike nje."

Ijumaa mchana akaja mama mmoja mwenye viatu vya ofisini na mkoba, hana ubani wala hirizi. Akanusa mara moja. "Cha humu hakitoki kwa moshi. Kinatoka kwa kuhesabiwa. Nipeni orodha yenu. Kila jina likisomwa, mwenyewe aitike. Atakayebaki bila jina, ndiye."

Mzee wa mafaili akasoma jedwali, mstari kwa mstari. Bosi: "Nipo." Fundi wa nyaya: "Nipo." Mfagizi: "Nipo." Digrii alisubiri ukutani. Mstari wa arobaini na moja ukasomwa, jina lake kamili, na alipofungua kinywa, sauti ikatoka kwenye kiti.

"Nipo."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila iliyoshiba.

"Wameisha?" mganga aliuliza. Akageuza macho mpaka ukutani, akayatua kwa Digrii. "Basi ni huyu."

"Hapana!" Mzee aliangusha karatasi. "Huyu mtoto wetu! Huyu mtu!"

"Jina lake nani?"

Mzee akafungua kinywa. Miaka miwili alikuwa amemwita mwanangu. Akawatazama wenzake, na watu arobaini wakatazamana. Jina alilolisoma sasa hivi lilikuwa limeshaitikiwa.

"Digrii," dada wa mapokezi akasema kwa sauti ndogo, kama anayekumbuka ndoto.

"Hilo halimo," mganga akasema. "Asiye na mahali, atoke."

Miguu ya Digrii ikatii kabla yake. Mlango wa lifti ukafunguka bila kuguswa. Jengo lilikuwa la ghorofa nne. Lifti ilishuka kwa muda mrefu kuliko wa ghorofa nne.

Jioni alifika kwao, akabisha kwa viganja viwili. Mama akafungua, uso umekunjuka, simu mkononi, na kwenye simu ukurasa wa kampuni umetua palepale, chini kabisa.

"Mama! Mama, ni mimi!"

Mama akamtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa watu. Nyuma yake, sebuleni, kiti kikatoa mlio wa kupata mzigo.

"Karibu, mwanangu," mama akasema. "Binti yangu ameshafika kutoka kazini, yuko ndani anapumzika. Wewe unamtafuta nani?"